Makofi Kabla ya Mafuriko

Nchi hii haipo. Msomaji akiona inafanana na nchi fulani anayoijua, kosa ni la macho yake, na anashauriwa aende hospitali ya serikali mapema, kabla ya jogoo, maana foleni ya huko huanzwa na wagonjwa waliolala hapohapo. Ramani haiionyeshi. Jina lake limo mikononi mwa kamati, nayo kamati imeomba kuongezewa muda.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa na kila mtu, nayo ni sheria ya makofi. Mkubwa akitamka jambo hadharani, watu wakapiga makofi, jambo hilo linakuwa agizo la taifa. Hakuna kujadili, hakuna kupiga kura, hakuna kuuliza swali ambalo lingemchelewesha mkubwa chakula chake. Wazee walioitunga sheria hiyo walifikiria kila kitu isipokuwa kimoja: namna ya kuyarudisha makofi ambayo yamekwisha kupigwa. Kwa hiyo maagizo yaliongezeka tu, hayakupungua. Mpaka leo kila baiskeli ya nchi hiyo lazima iwe na zulia, na hakuna anayekumbuka ni mkubwa gani aliyekuwa na furaha siku hiyo.

Ili wananchi wasipige makofi ovyo, serikali iliunda Idara ya Makofi. Mtumishi wa Idara ndiye hupiga kofi la kwanza, wengine hufuata. Kumtangulia ni utovu wa nidhamu, sawa na kutia kijiko kwenye maharage ya bwaloni kabla kiranja hajasema amina. Makofi yasiyofunguliwa na mtumishi huyo ni kelele tu mbele ya sheria. Katika mtaa wa Bondeni kazi hiyo ilikuwa ya Bwana Kilumbi, mtu mpole mwenye viganja laini, ambavyo serikali ilivinunulia mafuta ya kupaka. Bwana Kilumbi hakuwahi kukosa kupiga kofi lake tangu aajiriwe. Alipiga hata kwenye msiba wa shemeji yake, mkuu wa wilaya aliposema kwamba marehemu hayupo nasi tena.

Na ili wananchi wapende sheria yao, baada ya makofi waligawiwa kitu: fulana, kofia, au pakiti ya sukari. Ndiyo maana raia wa nchi hiyo, awe mzee, awe mtoto aliyeanza kutembea juzi, akisikia makofi mahali haulizi. Hukimbilia yanakotoka.

*

Mwantumu Kasole hakuwa mtu wa makofi. Alikuwa mtu wa kompyuta, mwandishi wa programu katika shirika moja la umma, na alikuwa na kasoro kubwa ambayo ilimzuia kupanda cheo: alikuwa akimaliza kazi.

Mama yake, Mama Kasole, aliishi Bondeni. Mtaa huo ulikuwa chini ya bwawa kubwa, jirani kabisa, kama mtu aliyelala chini ya kitanda cha juu chenye chaga zilizooza. Masika yaliyopita bwawa lilifurika bila kumwambia mtu. Maji yalichukua soko, yakachukua paa la zahanati, yakachukua na watu kadhaa ambao serikali ilitangaza kuwa wamesafiri. Mwantumu alimwomba mama yake ahame, akamwomba tena, akanuna, akaacha kununa akaomba upya.

"Nihame niende wapi, mwanangu?" Mama Kasole alimjibu akiwa anawamwagia kuku pumba. "Si unatengeneza hicho king'ora? Kikilia nitaondoka. Kisipolia nitajua nimezaa mwongo."

Kweli Mwantumu ndiye aliyepewa kazi ya king'ora. Wizara ilileta mahitaji yake, na msomaji anayefahamu kazi hizi akae chini kabla hajaendelea, maana mahitaji yalikuwa sentensi moja na sentensi hiyo ilieleweka: maji ya bwawa yakifika kwenye mstari mwekundu, king'ora kilie Bondeni nzima, watu wakimbie.

Mwantumu akafunga kifaa cha kupimia maji, akaandika programu, akaunganisha spika, akajaribu kwa beseni la kufulia. Maji yalipofika alama, king'ora kililia kwa nguvu hivi kwamba Mkurugenzi wake, Bwana Pangapanga, aliingia chini ya meza, akabaki huko kwa heshima zote mpaka kilipozimwa. Kazi ilikuwa imekwisha, na masika bado yalikuwa mbali.

Hapo ndipo Mwantumu alipofanya kosa, na wanafunzi wote wa kompyuta wanapaswa kulinakili kwenye kurasa zao za kwanza. Aliwaalika wakubwa waje kuiona.

*

Alikuja Mheshimiwa Ponsiano Makwaruzo, Waziri wa Maji, Ukame na Hali za Katikati. Alikuja na naibu wake, na naibu wa naibu, na mtu wa kubeba miwani, na mtu wa kumkumbusha mbeba miwani. Hema likafungwa ukingoni mwa Bondeni, viti vilivyofunikwa vitambaa vikapangwa, Bwana Kilumbi akasimama mbele akijipaka mafuta.

Mwantumu akajaza beseni. King'ora kikalia. Mheshimiwa akasikiliza hadi mwisho, akafikiri kwa muda ambao ulikusudiwa kuonekana, kisha akasema maneno ambayo Mwantumu angekuja kuyasikia mpaka ndotoni.

"Nimeipenda sana. Nina marekebisho madogo tu."

Marekebisho madogo ya kwanza yalikuwa kwamba sauti ile inatia hofu. Serikali haikuchaguliwa ili iwatie wananchi hofu. Ibadilishwe, iwe sauti ya matumaini, kwaya ikiwezekana. Bwana Kilumbi akapiga kofi la kwanza, hema zima likafuata, ikawa sheria. Mwantumu aliinua mkono akajaribu kueleza kwamba hofu ndiyo hasa kazi ya king'ora, lakini makofi yalikuwa bado yanaendelea, na Bwana Pangapanga alikuwa tayari ametamka neno lake. Neno lake lilikuwa "Inawezekana, Mheshimiwa." Alilitamka kabla ombi halijaisha, na mara nyingine kabla halijaanza.

Marekebisho madogo ya pili yalihusu itifaki. Mheshimiwa alishangaa kwamba mtambo unaanza kuzungumza na wananchi bila kuwatambua viongozi waliopo. Hata mtoto wa chekechea akipewa kipaza sauti huwatambua viongozi waliopo. Basi kabla kwaya haijaimba, king'ora kimtambue Mheshimiwa Waziri kwa vyeo vyake vyote, kisha naibu, kisha naibu wa naibu, kushuka mpaka balozi wa nyumba kumi. Makofi.

Mtu mmoja wa wizara akauliza kwa unyenyekevu kama tarehe ya kukabidhi kazi itasogezwa mbele sasa. Mheshimiwa akacheka, akasema tarehe ni ileile, kabla ya masika. Nayo ikapigiwa makofi.

*

Tangu siku hiyo marekebisho madogo yalikuja kama uji wa shule: kila siku, hakuna aliyeuomba, na ulikuwa na vitu ndani yake. Naibu waziri alikuwa na shemeji yake Idara ya Uvuvi, akaona si vizuri mtambo ulio karibu na maji usitoe leseni za samaki. Makofi. Diwani akasema wananchi wake wana kilio cha muda mrefu cha mbuzi wanaopotea, mtambo uwatafute. Makofi. Mke wa Mheshimiwa akasema mstari mwekundu unamkumbusha daftari la hesabu la darasa la nne, upakwe zambarau. Ukapakwa. Lakini kifaa cha Mwantumu kiliutambua mstari kwa wekundu wake, hivyo kwa wiki nzima mtambo uliamini kwamba bwawa halina mwisho.

Neno "mafuriko" lilipigwa marufuku kwa sababu za kisaikolojia. Badala yake mtambo useme "maji yaliyochangamka". Baadaye mtu akagundua kwamba maji yaliyochangamka yanaweza kuwavutia watalii, ikaagizwa mtambo uwe pia na bei za vyumba.

Kisha Mheshimiwa akasafiri kwenda kwenye mkutano nje ya nchi. Kusafiri kwa mkubwa ni hatari kuliko mvua, maana hurudi na neno jipya. Safari hii alirudi na akili mnemba. Alisimama hemani akasema anataka mtambo uwe na akili mnemba, akakaa. Hakuna aliyejua anamaanisha nini, yeye akiwemo. Yalikuwa makofi marefu kuliko yote ya mwaka huo.

Mwantumu alikuwa akirudi nyumbani kwa mama yake jioni na macho mekundu. Alimsimulia yote: kwaya, mbuzi, zambarau. Mama Kasole alisikiliza huku akimkuna kuku mmoja kichwani, kisha akauliza jambo moja tu, kama bado kinalia maji yakija.

"Kinalia, mama. Ila kinaanza na mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Kinasalimia."

Mama Kasole akasema hilo si baya, mtu kusalimia ni adabu. Kisha akauliza kinasalimia kwa muda gani.

*

Asidhani msomaji kwamba Mwantumu alikaa tu. Alisoma vitabu vya wenye akili, akaandaa mada yenye michoro, akaenda nayo wizarani. Akaeleza kwamba mahitaji kubadilika si dhambi, kila kazi ya programu hubadilika. Lakini kila badiliko lipimwe kwanza. Linaongeza nini, linachelewesha nini, linaharibu nini ambacho jana kilikuwa kinafanya kazi? Liwepo na mtu wa kusema ndiyo na awe na ruhusa ya kusema hapana. Na kila likiongezwa jambo, ama kitu kingine kipunguzwe, ama tarehe isogee.

Waliipenda mno. Mheshimiwa alisema hajapata kusikia hoja nzito namna hiyo kutoka kwa mtu mwenye cheo kidogo namna hiyo. Papo hapo akaunda Kamati ya Kitaifa ya Kudhibiti Mabadiliko, na wajumbe wakateuliwa kabla chai haijapoa.

Kamati ilikutana. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kwamba imeundwa kudhibiti mabadiliko na mezani hapakuwa na badiliko la kudhibiti. Wajumbe wakaona aibu kula posho bure. Kwa hiyo kila mmoja akatakiwa kuja na mabadiliko yake, ili kamati iwe na kazi. Wakaja nayo kwa bidii ya kupongezwa. Mjumbe mmoja alitaka mtambo utambue sauti ya bata. Kamati iliyadhibiti yote kwa kuyakubali yote, ikaomba ofisi.

Kuhusu mtu wa kusema hapana, kamati ilikubali kwamba anahitajika sana. Ikaazimia atafutwe mtu huyo, awe na shahada ya uzamivu katika kusema hapana, na nafasi itangazwe. Walipoulizwa kama Mwantumu anaweza kukaimu, walisema ndiyo, akishapata shahada hiyo.

*

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya bwawa, likafanyika zoezi la mwisho. Badala ya beseni ililetwa pipa jipya lenye utepe. Mheshimiwa akakaa karibu nalo kabisa ili picha zitoke vizuri. Maji yakafunguliwa yaingie ndani ya pipa, yakafika kwenye mstari wa zambarau, mtambo ukaamka.

Ukaanza na wimbo wa taifa, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na ule ambao hakuna anayeujua. Kisha ukamtambua Mheshimiwa. Vyeo vyake vilikuwa vingi kwa sababu kila wiki alikuwa ameongeza kimoja. Pipa likajaa. Mtambo ukamtambua naibu. Maji yakaanza kumwagika. Mtambo ukamtambua naibu wa naibu, ukamtakia heri ya siku yake ya kuzaliwa ambayo akili mnemba ilikuwa imeikisia. Maji yakaingia kwenye viatu vya Mheshimiwa, vya ngozi, vyenye ncha. Mheshimiwa hakuyahisi. Alikuwa amefumba macho, akilisikiliza jina lake likirudishwa na vilima.

Kwaya ilipoanza kuimba habari za maji yaliyochangamka, soksi za viongozi wote zilikuwa zimelowa. Mtu wa wizara akamnong'oneza Mheshimiwa, Mheshimiwa akatazama chini, akasema kumbe kuna kasoro. Mwantumu akasimama, akadhani saa imefika.

Mheshimiwa akaagiza pipa libadilishwe, liwe kubwa zaidi.

Bwana Kilumbi akapiga kofi la kwanza. Hema likafuata.

Na hapo Mwantumu akaona jambo. Muda wote ambao mtambo ulikuwa ukitambua viongozi kwa spika zilizosikika Bondeni nzima, hakuna mwananchi aliyetoka nyumbani kwake. Walidhani ni redio. Lakini makofi yalipoanza, milango ikafunguka. Wanawake wakatoka na unga mikononi, wanaume wakatoka na sabuni kichwani, watoto wakatangulia mbele kama siafu. Mama Kasole mwenyewe alikuja mbio, khanga mkononi, akafika hemani akihema, akauliza safari hii ni sukari au fulana.

Mwantumu alimtazama mama yake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kazi hiyo ianze, akaomba kuongeza badiliko.

"Mheshimiwa," alisema, "nina marekebisho madogo tu."

Mwantumu akasema, kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa na jambo hilo siku nyingi, kwamba mtambo unalitaja jina la Mheshimiwa mbele ya wananchi bila makofi. Jina linatoka kavu, kama la mtu yeyote anayeitwa dirishani kwenda kuchukua dawa.

Mheshimiwa aligeuka rangi. Akawauliza wasaidizi wake jambo hilo limepitaje wizara nzima bila kuonekana. Wasaidizi wakatazamana, kila mmoja akajuta kwamba si yeye aliyeliona. Basi Mheshimiwa akaagiza kwamba kabla ya chochote, kabla hata ya wimbo wa taifa, mtambo upige makofi, mengi, ya nguvu, ya umati mzima. Akauliza spika za makofi ziwekwe wapi ili yapate hadhi yake.

Mwantumu akapendekeza ziwekwe kilimani, kwenye uwanja wa shule ya msingi, ili makofi ya Mheshimiwa yatoke juu.

"Yatoke juu," alisema Mheshimiwa polepole, akiyaonja maneno. "Huyu binti apandishwe cheo."

Makofi ya kukubali makofi yalikuwa yamekwisha kupigwa. Cheo hakikuja, maana kilikuwa kimesemwa baada ya Bwana Kilumbi kushusha mikono.

*

Mvua ilianza asubuhi ya siku ya soko, ikanyesha kama iliyolipwa kwa ndoo. Mwantumu alikuwa amepanda kilimani kukagua spika. Alimpigia mama yake simu akimsihi apande. Mama Kasole akajibu kwamba ana nguo kambani na kwamba hajasikia kitu.

Mchana, bwawa likafika kwenye mstari wa zambarau.

Makofi yakalipuka. Mwantumu alikuwa ameyarekodi kwenye mikutano yote ya mradi, akayajumlisha: makofi ya kwaya, ya mbuzi, ya bata, yale marefu ya akili mnemba. Kilima kizima kilitetemeka. Chini, Bondeni, milango ikafunguka. Watu walitoka kwenye mvua wakiwa wamejifunika magunia na sinia, wakaanza kupanda. Waliokuwa na mbio walikimbia, wasio na mbio walibebwa, maana hakuna familia ambayo ingekubali kupoteza fungu la bibi. Bwana Kilumbi naye, aliyeishi mtaa huohuo na familia yake, alipanda akiwa amefadhaika, kwa kuwa makofi yalikuwa yameanza bila yeye.

Nyuma yao, spika za bondeni zilianza wimbo wa taifa mbele ya nyumba tupu. Zikamtambua Mheshimiwa Waziri. Maji yalivunja ukuta wa mwisho wakati wa cheo chake cha kumi na kitu. Yakaichukua nyumba ya Mama Kasole, ya Bwana Kilumbi, yakachukua na hema la wizara. Spika moja iliyofungwa juu ya mnazi iliendelea kwa muda, ikamtambua naibu, ikauliza kama kuna mtu amempoteza mbuzi, halafu nayo ikanyamaza.

Mama Kasole alifika kilimani akiwa na kuku wake wawili mikononi. Akatazama huku na huku.

"Sukari iko wapi?"

"Hakuna sukari, mama," alisema Mwantumu.

Mama Kasole akageuka, akatazama kule alikotoka. Paa la nyumba yake lilikuwa likipita taratibu, na nguo bado zilikuwa kambani. Aliwakumbatia wale kuku, akakaa chini kwenye matope.

Walihesabiana nyumba kwa nyumba, jina kwa jina. Walikuwepo wote. Mwaka huo hakuna aliyesafiri.

*

Mheshimiwa alifika mvua ilipokatika, kwa helikopta, akiwa na viatu vipya. Alisimama kwenye ngazi za shule, na wananchi wakasogea karibu, wamelowa, watoto mabegani, masufuria vichwani. Bwana Pangapanga alikuwa kulia kwake. Bwana Kilumbi akajikokota mpaka mahali pake mbele. Hakuwa na mafuta ya viganja. Yalikuwa yamekwenda na nyumba.

Mheshimiwa aliupongeza mtambo. Akasema mataifa makubwa yatakuja kujifunza kwake. Akasema maji hayo yalichangamka kuliko kawaida, lakini serikali ilichangamka zaidi. Kofi likapigwa hapo, dogo, la uchovu.

"Hata hivyo," alisema Mheshimiwa, na sura yake ikabadilika, "nimepokea taarifa iliyonisikitisha. Wananchi mlikimbia kabla hamjasikia jina langu. Mlisikia makofi, mkaondoka, mkaniacha natambulishwa peke yangu kwenye maji. Kwa hiyo nina marekebisho madogo tu."

Mama Kasole alikuwa amesikia maneno hayo kila jioni kutoka kinywani mwa binti yake, wakati wa kuosha vyombo. Alinyanyuka kutoka kwenye matope, akapita katikati ya watu akiomba radhi kushoto na kulia, mpaka mbele.

Mheshimiwa akaendelea. Akasema kuanzia sasa makofi yahamie mwisho. Mtambo uanze na wimbo wa taifa, uwatambue viongozi wote mpaka balozi wa nyumba kumi, kwaya iimbe, na hapo ndipo makofi yapigwe, wananchi wakiwa wametulia na wamesikiliza.

Bwana Pangapanga alisema inawezekana.

Mwantumu alijua wimbo una dakika ngapi, majina yana dakika ngapi, na maji hayana hata moja. Akamtazama Bwana Kilumbi. Watu wote walimtazama Bwana Kilumbi, mikono ikiwa tayari, wakingoja kofi la kwanza kama walivyofundishwa.

Bwana Kilumbi alikuwa ameshika kuku wawili, mmoja kila mkono.

"Nishikie kidogo, baba, nijifunge khanga," Mama Kasole alikuwa amemwambia, akamtia kuku mikononi kabla hajajibu. "Usiwaachie tu, watakimbilia majini."

Sasa alikuwa amesimama kando yake, akijifunga khanga. Aliifunga, hakuridhika, akaifungua, akaanza upya.

Mheshimiwa alingoja. Alikohoa, kama mwalimu mkuu kwenye mstari wa asubuhi anayesubiri vicheko vya mzaha wake. Akairudia sentensi ya mwisho kwa sauti zaidi, isije ikawa haikusikika. Bwana Kilumbi alitazama kuku. Akatazama chini bondeni, mahali palipokuwa na nyumba yake, kisha akamtazama mkewe aliyesimama na mtoto mgongoni. Akamtazama Mheshimiwa kwa huzuni ya kweli, akainua kuku kidogo ili aonekane hana nafasi.

Hakuna kofi lililopigwa. Ukimya ulikaa juu ya kilima mpaka kuku mmoja akalia.

Mtu wa wizara alifungua kitabu cha sheria, akatafuta, akamnong'oneza Mheshimiwa. Mheshimiwa akasema vizuri, vizuri, tutalitazama wakati mwingine, akapanda helikopta yake. Bwana Pangapanga, aliyekuwa amesema inawezekana kwa jambo ambalo halikuwa tena jambo, alibaki amesimama kwenye ngazi akiwa mdomo wazi, na hakuna aliyejua kama ni ruhusa kumtikisa. Lilikuwa badiliko la kwanza kukataliwa katika historia ya nchi hiyo. Kamati ya Kitaifa iliomba radhi kwa kutokuwepo.

Helikopta ilipotoweka, Mwantumu alikwenda kwa Bwana Kilumbi kumpokea mzigo. Mzee yule bado alikuwa amewakumbatia kuku kifuani, kana kwamba kweli wangekimbilia majini. Mwantumu akawachukua, na hapo akaona kwamba miguu ya kuku wote wawili ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, fundo la mama yake, lile analowafungia kila anapowapeleka sokoni. Wangewekwa chini wasingesogea hata hatua moja.

Vidole vya Bwana Kilumbi vilikuwa juu ya fundo muda wote.